Nguvu Juu, Njaa Chini

Jumapili ile Dorothée alitoka kanisani na jambo moja tu kichwani, na jambo lenyewe halikuwa mahubiri. Alikuwa na siku nne. Alhamisi asubuhi magari yangefika kambi ya wakimbizi ya Lusenda kuwachukua Warundi waliojiandikisha kurudi kwao, na katika orodha hiyo lilikuwamo jina la Capitoline Inamahoro, rafiki yake, mwanamke aliyeuza lengalenga, yaani mchicha, sokoni Baraka miaka nenda rudi na ambaye kwa miaka minne alimfunga Dorothée katika mchezo ambao Dorothée mwenyewe ndiye aliyeubuni. Kabla ya Alhamisi alitaka kumtengenezea kadi yake, yenye jina lake na nguvu yake, na Capitoline aikubali na kuondoka nayo. Kutengeneza si shida. Shida ni huko kukubali.

Asiyefika Baraka ataniuliza kadi gani tena hizo, kwa hiyo nianzie kibandani. Dorothée ana kibanda karibu na soko chenye mashine ya fotokopi, kompyuta moja ambayo herufi zake zimefutika kwa kuguswa, na mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki ambayo mji mzima unaiita plastifieuse. Vyeti vya ubatizo, vitambulisho, mialiko ya arusi, vyote vinapita mikononi mwake. Mialiko hukatwa kwenye karatasi ngumu, kila inapokatwa vinabaki vipande, na Dorothée ni mtu asiyeweza kutupa kitu. Vipande vilijaa katoni tatu. Mumewe alizipiga mateke kila alipopita, kwa bahati mbaya, kama alivyosema yeye.

Siku moja wanafunzi wawili waliingia kutoa nakala za kadi za mchezo zilizotoka mbali, zenye picha za madude ya ajabu na maandishi ya lugha ambayo hakuna kati yao aliyeijua. Kwa kuwa hawakuweza kusoma nguvu za yale madude, kila mmoja alijibunia za kwake.

"Hii yangu inatemaka moto," alisema mmoja.

"Moto itanifanya nini? Mi niko ndani ya maji."

"Maji gani? Umeitoa wapi?"

"Nimeileta na miye."

Walibishana hadi wakaisahau fotokopi. Dorothée alicheka peke yake mchana kutwa, wateja wakamtazama, na jioni akachukua kipande cha mwaliko wa arusi akachora kiboko. Alijiambia kwamba ziwa lina kiboko, lina mamba, lina samaki wa mikeke na ndagala, milimani kuna muhogo na tope la barabara ya Kilembwe, sasa madude ya kuazima ya kazi gani. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo unaoitwa Fizi, kwa jina la wilaya yenyewe.

Unachezwa hivi. Kila mtu ana kadi tano mkononi na kikapo cha karatasi mbele yake. Mtumbwi unakuletea samaki, shamba linakuletea muhogo na maharagwe, na wa kwanza kujaza kikapo kwa vyakula saba ameshinda. Kadi zinauzwa tatu tatu ndani ya bahasha zilizokunjwa kwa mitihani ya zamani, hujui umepata nini hadi ufungue, na ukipata kiboko wawili unatafuta mwenye mtumbwi mnabadilishana. Watoto walianza, dada zao wakafuata, kisha wavuvi, na mwisho hata mwalimu Placide wa shule ya msingi, aliyekuja kukemea akakaa kucheza. Tangu siku hiyo Placide ndiye mwamuzi, na anapenda sana kupuliza filimbi ambayo hakuna aliyemwomba ailete.

Lakini roho ya mchezo ni ile mistari miwili iliyoandikwa kwenye kila kadi. Juu imeandikwa nguvu, yaani kile kadi inachoweza kufanya. Chini imeandikwa njaa, yaani kile inachotaka ili ifanye. Kiboko anapindua mtumbwi wowote, halafu analala zamu mbili. Pikipiki inakuletea kadi kutoka popote, lakini mvua ikiwa mezani inakaa kwenye tope hadi wawili waisukume. Dorothée aligundua mapema kwamba kadi yenye nguvu bila njaa inaua mchezo kwa siku moja, kwa sababu mwenye nayo anashinda, wengine wanachoka, na kesho yake hakuna anayekuja. Aligundua pia kwamba si kila ukweli unafaa. Aliwahi kutengeneza kadi ya Barrière, kile kizuizi cha barabarani, ambayo kila anayepita lazima aiachie kitu. Ilifanya kazi vizuri kabisa, na watu wakakasirika vibaya sana, wakamwambia hiyo wanaiona ya kutosha njiani. Aliichoma siku hiyohiyo.

Kosa lake kubwa lilikuwa Mbalamwezi. Baraka nzima inajua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa, gizani, na mwezi ukipevuka samaki hawazifuati tena taa, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu na wavuvi wanashona nyavu karibu wiki nzima. Dorothée akaona hiyo ni nguvu nzuri. Akaandika kwamba mitumbwi yote inapumzika zamu moja. Aliipima vizuri hiyo zamu moja, maana zikiwa mbili mchezo ungelala. Wa kwanza kuicheza alikuwa Bertin, mdogo wa mumewe, mvuvi mwenye sauti inayosikika hadi ng'ambo ya pili ya soko. Aliitupa mezani mbele ya wavuvi wenzake watatu. Zamu moja ikapita, Dorothée akawaambia waendelee, na hakuna aliyeinua mkono.

"Mwezi ya zamu moja?" Bertin aliuliza. "Shemeji, we ulisha kuona wapi mwezi ya vile?"

"Ni mchezo, shemeji."

"Mchezo njo mchezo. Lakini ziwa hatuwezi kuisemea uongo."

Walifunika kadi zao kwa mawe, kila mtu na jiwe lake, wakaenda kushona nyavu. Dorothée alidhani wanamtania. Wapi. Walirudi siku ya sita, mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka, wakaondoa mawe, na Bertin akauliza kwa adabu kamili zamu ilikuwa ya nani.

Siku zote sita meza ilikaa mbele ya kibanda na mawe yake, wapita njia wakiuliza ni kaburi la nani. Dorothée alikuwa karibu kulia kwa kucheka na karibu kulia kweli. Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza lengalenga pembeni alitua beseni lake, akatazama mawe, akauliza swali.

"Hizi siku zote, bavuvi banakulaka nini?"

"Bukari. Sombe. Maharagi."

"Inatokaka wapi?"

"Shamba."

"Sasa juu ya nini kadi yako inalalisha bantu bote?"

Dorothée aliingia ndani akachukua kalamu. Kesho yake Mbalamwezi ilisomeka upya: mitumbwi yote inapumzika hadi mashamba mawili yavunwe. Wavuvi wakaikubali kwa kuwa sasa ilikuwa kweli, wenye mashamba wakapata siku yao, na yule mwanamke, aliyekuwa mkulima tangu alipozaliwa upande wa pili wa ziwa, akaketi akacheza mara ya kwanza akawafunga wote. Huyo ndiye Capitoline. Tangu siku hiyo Dorothée hakutoa kadi bila kumwonyesha, na Capitoline alikuwa anaitazama, anaigeuza, halafu anauliza swali moja ambalo linakulazimisha kuanza upya.

Mtu kupewa kadi ya jina lake si jambo dogo. Hadi wiki ile alikuwa amepewa mmoja tu, Bertin: anavua mara mbili, lakini kabla ya kuvua lazima asimulie habari za samaki aliyemponyoka. Bertin aliitunza kwenye mfuko wa shati na aliwahi kuitoa katikati ya arusi huko Kazimia. Capitoline hakuwahi kuomba. Jumapili ile Dorothée alipomwambia anachotaka kufanya, hakuruka kwa furaha wala hakukataa. Alifunga kitenge chake vizuri.

"Mama Merveille," alisema, maana alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama watu wote, "kama ni kadi ya huruma, usinipe. Bintu ya huruma nilisha kupata mingi. Sahani, blanketi, ndoo. Ndoo inatosha."

"Haiko ya huruma, yaya," Dorothée alijibu, maana naye alimwita dada mkubwa.

"Basi nitaicheza. Nikiona haiko mimi, nitakuachia."

Na Dorothée alijua kwamba ataiacha kweli. Capitoline hakuwa mtu wa kubeba kitu kwa ajili ya kumfurahisha aliyempa. Alhamisi angepanda gari mikono mitupu, na Dorothée angebaki na kadi isiyo ya mtu. Wazo hilo lilimnyima raha hata chakula kikakosa chumvi, au pengine alisahau kutia chumvi, mumewe hakusema.

Jumatatu aliileta kadi ya kwanza. Aliipamba kwa uzi wa dhahabu uliobaki kwenye mwaliko wa mtoto wa mfanyabiashara mmoja. Nguvu yake ilisema kwamba Capitoline anachukua kadi yoyote anayoitaka kwa mtu yeyote. Mahali pa njaa palikuwa patupu. Walikaa wanne, Bertin akiwapo kwa sababu mwezi ulikuwa unapevuka na mtumbwi wake ulikuwa mchangani, Placide na filimbi yake. Capitoline alichukua mtumbwi wa Bertin. Akachukua wa pili. Akachukua pikipiki ya Placide pamoja na maharagwe aliyokuwa akiyalinda tangu mwanzo, na katika zamu ya nne kikapo chake kilijaa. Placide alipuliza filimbi, lakini kwa unyonge.

"Umenigeuza mwizi," alisema Capitoline, akaisukuma kadi katikati ya meza.

Dorothée aliichukua kadi yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu kwamba nguvu bila njaa inaua mchezo, na kumbe mtu akipenda anasahau hata sheria aliyoiandika mwenyewe.

Jumanne akaja na nyingine. Safari hii aliandika kwamba hakuna kadi inayoweza kumgusa Capitoline. Kiboko alipita pembeni, mamba akapita pembeni, mvua ikanyesha kila mahali isipokuwa alipokaa. Mchezo ukaenda, ukaenda, watu wakanunua karanga wakazimaliza, na Capitoline akiwa pale katikati kama picha ya ukutani. Hakuna aliyemshambulia kwa sababu haikuwa na faida, na baada ya muda hakuna hata aliyemtazama. Bertin alianza kuwagawia watu karanga nyingine akamruka.

"Mi niko yai?" Capitoline aliuliza.

"Hapana, yaya."

"Bantu habanigusi, habaniongeleshi. Basi hapa niko nafanya nini? Afazali niibe."

Jioni hiyo Placide alijitolea kusaidia, na mwalimu akijitolea ujue kuna maandishi. Alileta nguvu ya mistari tisa, na ndani yake mlikuwa na Kifaransa, mlikuwa na masharti, mlikuwa na neno ustahimilivu mara tatu. Ili ienee kwenye kadi Dorothée alilazimika kupunguza herufi hadi zikawa kama mbegu za lengalenga. Bertin aliishika karibu na pua, akaisoma kwa sauti, akafika mstari wa tano akapumzika.

"Mwalimu, mpaka nimalize kusoma, samaki itakuwa ilisha kuoza."

Walicheka hadi Placide mwenyewe akacheka. Dorothée alicheka kuliko wote, kisha akaenda nyuma ya kibanda akakaa juu ya katoni za vipande na kuogopa kwa dhati. Zilibaki siku moja na nusu, na hakujua nguvu ya rafiki yake ni nini. Alijua anavyopanga lengalenga, anavyokohoa kabla ya kushinda, anavyokunywa chai na sukari nyingi isiyo ya kawaida. Nguvu yenyewe hakuijua, na hilo lilimuumiza.

Jumatano Capitoline alikuja kuwaaga wenzake wa soko. Alipita meza hadi meza, kisha akafika kibandani, ambako Dorothée alikuwa akimfunikia mteja cheti cha ubatizo. Wakaongea kidogo. Capitoline akainuka, akabeba beseni lake.

"Haya, sasa mi niko naenda. Mubaki muzuri."

Alifika mlangoni, akakumbuka jambo kuhusu sufuria ambayo angemwachia jirani yake kambini, sufuria nzuri lakini ina mpini mmoja. Akarudi, akatua beseni, wakaijadili ile sufuria kwa kirefu. Akainuka tena. Mteja wa cheti akampisha njia.

"Haya. Sasa naenda kabisa."

Safari hii alifika barabarani, na Dorothée akatoka kumsindikiza kama inavyopaswa, kazi akaiacha na mteja akaachwa amesimama. Walipofika kwenye kona wakakaa juu ya gogo wakamsema mke mpya wa mtu fulani kwa nusu saa. Kisha wakarudi wote wawili kibandani, kwa sababu Capitoline alikuwa amesahau beseni. Mteja alikuwa bado pale. Aliuliza kwa upole kama mama huyu ameondoka au anafika.

Dorothée alianza kucheka. Alicheka akajishika meza, akacheka machozi yakamtoka, na cheti cha ubatizo kikapita kwenye mashine upande upande na kutoka kimekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi. Miaka yote ile, kila jioni ya soko, Capitoline alikuwa akiaga mara tatu. Haijawahi kuwa mbili. Na kila alipoaga, mtu aliyekuwa na kazi alilazimika kuiacha kazi amsindikize. Kumbe kitu chenyewe kilikuwa mbele yake siku zote, amekizoea tu.

"Unacheka nini?" Capitoline aliuliza.

"Enda, yaya. Enda tu. Kesho nitakuya Lusenda."

Kipande cha mwisho cha uzi wa dhahabu hakukitumia. Alichukua kipande cheupe cha karatasi ya kawaida, akaandika bila kufuta hata neno moja. Nguvu: Capitoline akishindwa, anaaga, na aliyemshinda anapoteza zamu akimsindikiza, na Capitoline hatoki mezani hadi aage mara tatu. Njaa: anapoaga habebi kitu, alichokibeba anakiacha chini. Betri ya jua ilikuwa imebakiwa na moto wa umeme kidogo sana, mashine ikapasha nusu nusu, na kadi ilipotoka alikuta sisimizi mmoja amenaswa ndani ya plastiki, kwenye kona, miguu yote ikionekana. Hapakuwa na moto wa kutengeneza nyingine. Aliitia kwenye pochi hivyohivyo.

Alhamisi Dorothée na Bertin walipanda pikipiki moja na dereva wake hadi Lusenda. Placide alikuwa darasani, lakini alituma filimbi. Walimkuta Capitoline amekaa juu ya mizigo yake na wanawe, karibu na mahali ambapo majina yalikuwa yakiitwa, na alikuwa amekaa hivyo tangu alfajiri. Bila maneno mengi Dorothée aligeuza beseni la lengalenga likawa meza, akagawa kadi, na ile mpya akaiweka mikononi mwa mwenyewe.

Capitoline aliisoma. Akaigeuza. Akamwona sisimizi.

"Na huyu?"

"Huyo alijiingiza mwenyewe."

Hakuuliza swali jingine, na Dorothée akawa anapanga na kupangua kadi zake, kwa sababu kutouliza kwa Capitoline hakukuwa na maana moja. Wakacheza. Bertin akatupa kiboko, akampindua. Capitoline akaweka chini samaki wake, akawapa mikono wote wawili, mkono kwa mkono, akawaulizia habari za nyumbani. Bertin akaanza kuvua.

"Hapana, shemeji," Dorothée akamkumbusha. "We uko nasindikiza."

"Nasindikiza mpaka wapi?"

"Mpaka zamu iishe."

Bertin akakaa mikono mitupu huku wenzake wakijaza vikapo. Capitoline akarudi mezani. Bertin, ambaye hajifunzi, akamtupia mamba. Capitoline akaaga mara ya pili, akaanza upya na mikono, upya na habari za nyumbani, na akaongeza swali kuhusu ng'ombe wa baba mkwe wa Bertin, ambaye hana ng'ombe. Watu waliokuwa wakingoja majina yao walianza kusogea. Mama mmoja mzee akauliza sheria, akaambiwa, akasema kwamba anamjua mtu wa hivyo, ni dada yake. Wakacheka Warundi, wakacheka Wabembe wenyeji, hata mtu mwenye orodha akakosea kusoma jina akarudia. Bertin alisindikiza hadi akaomba maji.

Na Capitoline akakohoa, kile kikohozi chake cha kabla ya kushinda. Lakini kabla hajaweka kadi, jina lake likaitwa.

Mwenye orodha akalirudia. Capitoline alirudisha kadi zote kwa Dorothée, moja moja: mtumbwi, shamba, mvua. Ilipobaki ile ya jina lake, Dorothée alitazama chini, hakuweza kuangalia. Alisikia tu kitambaa kikivutwa. Alipoinua macho, Capitoline alikuwa anafunga kadi kwenye pindo la kitenge, pale wanawake wanapofunga kitu wasichotaka kupoteza, na alikuwa akikaza fundo kwa meno.

"Huyu njo mimi," alisema. "Na sisimizi yangu."

Dorothée alifurahi hadi akakosa mahali pa kuweka mikono yake.

Wakaagana pale kwenye beseni, hiyo moja. Dorothée akamsindikiza hadi kwenye gari, akiwa amebeba ndoo ya huruma, Bertin na godoro kichwani, na kwenye ngazi wakaagana tena, kwa kushikana mabega, na hiyo ikawa ya pili. Capitoline akapanda, akapata nafasi dirishani. Dorothée akangoja. Alijua atasahau kitu. Haiwezekani asisahau kitu. Injini ikawashwa. Akangoja. Gari likaanza kusogea na Dorothée akalifuata kando, viatu vikimponyoka.

"Yaya, ya tatu! Hujaaga ya tatu!"

Capitoline alimtazama, akajiziba mdomo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliutoa dirishani na kumwonyesha vidole viwili, basi, viwili tu, hadi gari lilipopinda.

Dorothée alibaki barabarani akilia na kucheka kwa zamu, na Bertin, ambaye hakuelewa mara moja, alimletea kiatu chake.

Jumapili baada ya ibada meza iliwekwa mbele ya kibanda kama kawaida. Walikuwa watatu, na Bertin alikuwa na wavu wake magotini kwa sababu usiku ule wangerudi majini kwa mara ya kwanza tangu mwezi upevuke. Dorothée alichanganya kadi, akagawa tano kwa Placide, tano kwa Bertin, tano kwake, na tano mbele ya kigoda kitupu.

"Hizi ni za nani?" Bertin aliuliza.

"Za Capitoline."

"Shemeji, Capitoline ameenda."

"Ameaga mara ngapi?"

Bertin akahesabu kwa vidole. Placide, mwamuzi, alitafakari suala hilo kwa uzito wote, akaamua kwamba sheria ni sheria, akapuliza filimbi. Basi Dorothée akazigeuza zile kadi tano, akazipiga picha kwa simu akiwa amewafichia wenzake, na kuituma kwenye namba ya mtoto mkubwa wa Capitoline, ng'ambo ya ziwa, mahali walipokuwa wamepokelewa. Wakaanza kucheza. Bertin alikuwa na bahati isiyo ya kawaida: mitumbwi minne mkononi, kikapo kimefika sita, na tayari alishaanza kuimba. Ilipofika zamu ya kigoda, walingoja. Bertin akasema mtandao umekufa, wamruke. Simu ikatetemeka juu ya meza.

Dorothée alisoma, akasoma tena, kisha akainyoosha simu ili wote waone. Iliandikwa hivi: "Naweka Mbalamwezi. Bavuvi bote bapumzike. Na muniulizie kama jirani aliona mpini ya sufuria."

Dorothée akachukua kadi ya mwezi kutoka mbele ya kigoda akaiweka katikati ya meza. Bertin aliitazama, akatazama mitumbwi yake minne, akatafuta shamba kwenye kadi zake na hakuliona hata moja. Alizilaza chini taratibu, akaziwekea jiwe juu, akauvuta wavu wake na kuanza kushona.